Moshi wa Jumamosi na Basi la Saa Nane

Bwana Meneja wa Kampuni ya Mazao ya Asego, pamoja na Mama Meneja. Mheshimiwa Diwani, uliyeacha shughuli za mji ukakubali kuketi nasi katikati ya magunia. Bwana Cephas, Karani Mkuu wetu. Wafanyakazi wenzangu wa ofisini, wa ghalani na wa malori. Ndugu mliotoka Kendu Bay na jirani mliovuka barabara tu kutoka sokoni: nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake. Yeyote niliyemruka anisamehe, kwa maana karatasi hii imeloa jasho.

Mnanijua kwa jina la Leonida Awino, karani wa taipu, meza ya pili kutoka dirishani. Leo niruhusuni nijitambulishe upya, kwa sababu jina lenyewe bado ni tamu mdomoni: mimi ni Bibi Osoro. Nimekuwa Bibi Osoro kwa wiki tisa na siku nne, na kila asubuhi ninapoamka naliita jina hilo kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya chumbani kabla ya kutoka nacho.

Ndugu wageni, sherehe hii ni ya ajabu. Je, mmewahi kualikwa karamu bila kujua ni ya nini? Bwana Meneja aliniita Jumatatu, akaniambia kwamba sekretari wake, yule bibi Mwingereza, anarudi kwao mwezi ujao, na kwamba miaka mitatu baada ya Uhuru si vizuri kiti kile kikae mtu kutoka mbali. "Leonida," akasema, "wewe umeandika notisi ya kuacha kazi. Lakini kiti ni chako ukikitaka. Sherehe ya Ijumaa iko pale pale. Ukibaki tutakupongeza, ukienda tutakuaga. Utatujibu mbele ya watu." Ndiyo maana Bwana Cephas hapa ana hotuba mbili, moja katika kila mfuko wa koti, na tangu asubuhi amekuwa akiniuliza, "Mama, nitoe ya kulia au ya kushoto?" Nami namwambia, "Ngoja kidogo, baba."

Tena mnakiona kiti kile kitupu cha mbele, chenye kitambaa cheupe. Mlimwekea mume wangu. Nimewaona mkikitazama, kisha mkitazama mlango. Nitawaeleza kwa nini hakuna mtu kwenye kiti hicho, lakini kwanza nipeni nafasi nimsifu, kwa sababu mke mpya akinyimwa kumsifu mumewe ataugua.

Osoro alikuja kwenye dirisha letu la mauzo mwaka jana, wakati wa mvua, kutafuta unga wa ngano. Alikuwa ameacha kazi yake ya ukarani katika shirika moja kubwa la mjini Kisumu, kazi yenye tai na sare, akaenda Migori karibu na daraja, akajenga tanuri la matofali kwa mikono yake miwili. Nikachapa oda yake. Kesho yake akarudi kuuliza kama oda imechapwa. Kesho kutwa akarudi kuuliza magunia yana rangi gani. Nashon, wewe ulikuwa unapakia lori, ukapiga kelele mbele ya watu wote: "Ndugu yangu, hili si swali la unga!" Na mara ya nne alikuja na mkate mmoja ukiwa bado na joto, ameufunga kwa kitambaa, na juu yake kwa unga uliokandwa ameandika herufi L. Nyinyi mliula wote. Mimi nilibakiziwa ganda la juu na nusu ya ile herufi, na nusu ile ndiyo niliyoitunza ndani ya droo mpaka sisimizi walipoigundua.

Tangu hapo nikaanza ile biashara yangu ya kapu chini ya meza. Kila Jumatatu niliingia kazini na mikate ya Osoro, na chai ya saa kumi ya ofisi hii ikawa chai yenye mkate. Bwana Meneja alijifanya haoni kapu, ingawa kila mara alisema, "Nani anapika humu ndani?" kisha akanunua miwili. Barua za wateja wa Masara, kule kwenye machimbo ya dhahabu, niliziandika kwa mkono wakati wa chakula cha mchana. Sitaki mtu aondoke hapa akisema kwamba nilitumia karatasi ya kampuni. Na moyoni nilijua kwamba kazi hii ya mchana ilikuwa ya mshahara, na ile ya chini ya meza ndiyo iliyokuwa yangu.

Tulioana hapa hapa, ofisini kwa Bwana D.C., mkuu wa wilaya, kwa sababu mimi ni Mkatoliki na yeye ni Msabato, mimi Mjaluo na yeye Mkisii, na hakuna kanisa lililokuwa na haraka ya kutufungulia mlango. Mellen wa swichibodi alikuwa shahidi wangu. Shahidi wake alikuwa Machuki, mwenye duka lililo jirani na tanuri. Kwao hakuja mtu. Kwetu alikuja mama yangu peke yake, akakaa kwenye benchi la nyuma, akanishika mkono, akasema, "Nyathina, mwanangu, kula vizuri," na alipoona chakula kinaletwa akaondoka kwenda kuwahi gari. Hata hivyo, wageni wangu, nilikuwa na furaha siku ile hata nikawa nacheka na kuku.

Sasa sikilizeni hesabu ya ndoa yetu. Mimi nafanya kazi hadi Jumamosi saa sita. Basi la Migori linatoka saa nane, linafika saa kumi na moja. Mume wangu ni Msabato. Kwake moto unazimwa Ijumaa kabla jua halijazama, na hauguswi mpaka jua la Jumamosi limezama. Likizama tu, anawasha tanuri na kuoka hadi kukuche, kwa sababu Jumapili ni siku ya soko na ya watu wanaotoka misa. Jumapili asubuhi amelala kama gogo, na saa sita mimi napanda basi kurudi Homa Bay. Toeni wenyewe. Kuanzia saa kumi na moja hadi jua kuzama inabaki muda wa saa moja unusu. Hiyo ndiyo ndoa yangu kwa wiki. Nashon amenitania vya kutosha: "Yule shemeji wa saa moja unusu hajambo?" Nami nilicheka. Nilikuwa nikicheka hapa, kisha nikienda kwenye chumba changu cha kampuni kule juu, nikifunga mlango na kukaa kitandani na viatu miguuni, kwa sababu kuvua viatu ni kukubali kwamba hakuna mahali pa kwenda.

Mmewahi kusikiliza duka? Mimi nimelisikiliza. Katikati ya kila wiki, Mellen alikuwa akinipigia simu ya Migori, kwa Machuki, maana Osoro hana simu. Dakika tatu. Machuki huweka mkono wa simu juu ya meza na kukimbia kumwita mume wangu, naye akiwa na mikono ya unga anakuja mbio, na akifika dakika zimekwisha. Basi dakika tatu zile nilisikiliza duka: mtu anaomba chumvi, mizani inagonga, kuku anafukuzwa, mtoto anasoma kwa sauti maneno yaliyo kwenye boksi la sabuni. Mara mbili tu nilisikia hatua zake zikiingia. Mellen alinitazama juu ya waya zake, akasema, "Dada, leo pia umezungumza na kuku?" Nikamwambia, "Leo kuku alikuwa na habari nyingi." Tukacheka, kisha yeye akageuka ukutani akafuta macho kwa leso. Mellen, uliniongezea dakika ya nne mara nyingi. Bwana Meneja, hilo hukulisikia.

Sasa niseme jambo ambalo halisemwi kwenye sherehe.

Mwezi uliopita Bwana Meneja alinipa ruhusa ya Jumamosi nzima, kama zawadi ya arusi. Nashon alikuwa anapeleka lori Migori alfajiri, akanibeba. Saa nne asubuhi nilikuwa mlangoni kwangu, na ufunguo wangu mkononi. Osoro alikuwa ng'ambo ya daraja, kanisani, na huko hukaa hadi jioni. Nikasimama mbele ya tanuri lililopoa, nikawaza: jioni hii jua likizama ataanza kukanda na kuwasha, na mimi nitakaa kwenye gunia nikimtazama mgongo. Je, kama mikate itakuwa tayari? Je, kama nitampa mume wangu jioni moja nzima, tukae kama watu wengine waliooana?

Nilijua kwamba yeye hawashi moto Sabato. Lakini mimi si Msabato. Mikono yangu hupumzika Jumapili. Nilidhani Sabato ni ya mtu. Sikujua kwamba ni ya nyumba.

Nikakanda unga, nikatia hamira, nikangoja uumuke. Nikapanga kuni alivyonifundisha, nikawasha. Wageni wangu, nilikuwa nikiimba! Nilivaa gauni langu la arusi lile la bluu, nikafunga aproni juu yake. Moshi ukapanda kwenye bomba, ukasimama wima juu ya Migori, kwa sababu siku ile hapakuwa na upepo. Na ng'ambo ya daraja, kanisa lilikuwa linatoka.

Aliporudi alikuwa mbele ya wenzake kwa hatua chache. Nilimkimbilia na mkate. Aliangalia mkate, akaangalia bomba, akaangalia gauni langu. Nikamwona akielewa kila kitu, hata kile nilichokuwa nimekusudia. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Awino, mkate umeiva vizuri." Kisha akauweka chini, akaenda kukaa kwenye kizingiti, na mimi nikakaa kando yake, na hatukugusa kitu mpaka giza lilipoingia. Ile mikate themanini hakuiuza. Aliibeba yote hospitali, akawapa wagonjwa, ambao hawaulizi mkate umeokwa siku gani. Ile jioni nzima niliyomtafutia ilikwenda hivyo, yeye akiwa njiani na kapu kichwani.

Nilirudi hapa nikidhani yamekwisha. Nikaendelea kuchapa. Mnakumbuka nilivyokuwa nikiwasimulia kwamba biashara inakua? Sikuwa nawadanganya. Sikujua.

Alhamisi ya juma lililopita Mellen aliniunganisha na Machuki kama kawaida, lakini Machuki hakuweka mkono wa simu mezani. Akasema, "Shemeji, leo siendi kumwita. Leo sikiliza wewe." Nikasikiliza. Akanieleza kwamba wazee wa kanisa, ambao tangu zamani walimwangalia kwa jicho la pembeni kwa kunioa, walimwita Osoro na kumuuliza habari ya moshi. Na Osoro alikuwa na jibu jepesi kabisa. Angesema, "Ni mke wangu, hajui mila zetu," na wangemwachilia, wangenilaumu mimi ambaye siko huko wala siwaoni. Unajua alijibu nini, Mheshimiwa Diwani? Alisema, "Moshi ulikuwa wa nyumba yangu." Wakamwondoa kwenye kwaya, yeye ambaye sauti yake nzito ndiyo iliyobeba nyimbo zao. Walimu wa misheni wakaacha kununua. Hoteli ya karibu na stendi ikaacha. Siku hizi anaoka nusu ya tanuri. "Na amenikataza nisikuambie," akasema Machuki, "sasa nimekuambia, na dakika zimekwisha."

Mellen aliniona bado nimeshika mkono wa simu iliyokatika. Hakunitania siku ile. Kesho yake nikaandika ile notisi ya kuacha kazi.

Sasa mnajua kwa nini Jumatatu, Bwana Meneja aliponipa habari ya kiti, sikuruka kwa furaha kama nilivyopaswa. Nilimwandikia Osoro siku ile ile, nikampa dereva wa basi barua. Jumatano jibu likaja, na hili hapa, fupi kama oda ya unga: "Mpenzi wangu Awino, chukua hicho cheo. Ondoa notisi yako. Hapa hakuna haraka. Ukija Jumamosi inatosha. Wako, Osoro."

Msichana asiyejua angeisoma barua hii akasema, ana mume mwenye busara. Msichana mwingine angesema, amechokwa. Mimi nimesoma barua nyingi katika ofisi hii, za watu wanaoficha mavuno mabaya na za watu wanaoficha mazuri, na najua barua iliyoandikwa na mtu anayesimama mbele ya mlango ili usione ndani. Anataka niketi mahali penye heshima mpaka watu wasahau. Anataka kubeba moshi wangu peke yake.

Ndiyo maana kiti kile hakina mtu. Kadi ya mwaliko mliyonikabidhi nimpelekee ninayo mkobani mwangu. Sikuituma. Nisameheni. Angekuja, angelifunga tanuri, angevaa koti lake, angeketi pale na kunitazama kwa yale macho yake, na mimi ningesema ndiyo kwa cheo, ili tu akunjue uso. Nimeona ni afadhali nisimame hapa bila yeye, ingawa ninyi wote mmekuja na wenzenu na mimi natazama kitambaa.

Bwana Meneja, jibu langu ni kwamba naenda.

Usidhani nimeidharau nafasi. Nilipomaliza sekondari, mwalimu wetu alituambia kwamba msichana mwenye taipu hatalala njaa, na kampuni hii ikanithibitishia. Kiti cha sekretari kina mto, kina dirisha linaloona ziwa lote, na yeyote atakayekikalia nitampigia makofi. Lakini nimefikiri hivi. Lile kosa sikulifanya kwa sababu mimi ni Mkatoliki. Nililifanya kwa sababu mimi ni mgeni nyumbani kwangu. Mtu anayeijua nyumba kwa saa moja unusu atajuaje kitu gani ndani yake hakiguswi? Nikikaa hapa na cheo, nitaendelea kuwa mgeni mwenye mshahara mzuri, na siku moja nitawasha moto mwingine nikidhani ni zawadi.

Tena sitakwenda kukaa kwenye gunia. Naenda kufanya biashara, mchana kutwa, siku zote za wiki isipokuwa mbili. Jumamosi ni ya nyumba. Jumapili asubuhi nitakuwa misa, na mtu asinitanie. Siku nyingine nitapeleka mikate Masara mwenyewe, kwa wachimbaji, ambao wamekuwa wakiandika barua za kuomba mkate na hakuna wa kuwapelekea. Nitakwenda kwa walimu wa misheni, mlango kwa mlango, na nitawaambia, "Moshi ule ulikuwa wangu. Sikujua. Sasa najua." Wakininunulia, vizuri. Wasiponunua, watakuwa wameniona uso. Je, watarudi? Sijui. Je, mume wangu atafurahi kuniona mlangoni na sanduku, baada ya kuniandikia nikae? Hilo pia sijui, na sitawadanganya kwamba nililala vizuri jana.

Mellen, dada yangu, usinipigie simu Migori kwa wiki ya kwanza. Ya pili nipigie. Machuki akiweka mkono wa simu mezani na kuja kuniita, sikiliza duka kidogo. Utajua nilikuwa wapi. Nashon, siku utakapopita na lori darajani piga honi mara mbili, nami nitatoka na mkate wako, na tafadhali umtafutie shemeji yako jina jipya. Bwana Cephas, baba, ni ile ya kushoto. Lakini usiisome yote, nakuomba, kwa sababu sasa ni karibu saa saba na nusu, na leo ni Ijumaa.

Hebu tazameni, leo ni Ijumaa! Wiki zote tisa sijawahi kufika Migori siku ya Ijumaa. Basi la saa nane litanifikisha saa kumi na moja. Saa hiyo Osoro huwa amemaliza kuoka, anakokota makaa nje ya tanuri kwa koleo refu, anayamwagia maji, peke yake, kabla jua halijashuka. Koleo liko moja lakini ndoo ziko mbili. Nitaweka sanduku chini, nitachukua ndoo. Hatutahitaji kusema mengi. Na kesho, wale watakaovuka daraja kwenda kanisani wataona bomba lisilo na moshi na mtu mmoja akisindikizwa na mkewe mpaka mlangoni mwa kanisa lao. Sitaingia nisipokaribishwa. Nitarudi nyumbani, nitakaa kwenye kizingiti, mikono mapajani, nikimngoja. Kungoja nakujua. Lakini safari hii nitakuwa nikingoja kwangu.

Kile kiti cha mbele, mpeni Nashon akikalie, amesimama tangu nilipoanza. Kitambaa nipeni mimi, nitafunikia mikate.

Nawashukuru ninyi nyote kwa miaka mitatu ya chai, ya taipu na ya utani, na kwa kuyapokea maneno ya mtu aliyekuwa akitazama mlango muda wote. Kaeni salama.